Kijakazi na Panzi Wake Wanane

Siku ya kwanza kujuana na Kijakazi alinizaba kofi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za malaika. Nilikuwa nimemshonea mikanda ya viti vya vigari vya mbio kwa zile kamba pana za kufungia mizigo ya malori, kazi safi, nikampelekea karakana kwake Mabawa nikitegemea angalau ahsante. Akaufunga mkanda mmoja kwenye boriti, akautundika mfuko wa saruji, kisha akaunyanyua mfuko mpaka usawa wa kichwa chake na kuuachia. Mshono ukafumuka, mfuko ukapasuka, tukawa weupe wote wawili. Kabla sijafumbua mdomo, kofi la shavu.

"Huo mfuko ni mtoto wa mtu," akasema. "Nenda kashone upya."

Nilimrudishia. Mimi Nasra sikulelewa kupigwa na asiye mama yangu nikanyamaza. Tulikabana kooni kwenye vumbi la saruji mpaka majirani wakaja kututenganisha. Kesho yake nikamletea mikanda mingine, nimeishona kwa uzi wa viatu, mishono ya msalaba, akatundika mifuko miwili na mkanda ukashika. Hakuniomba radhi. Alinimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea kiti, na toka siku hiyo nikawa fundi wa mikanda na yeye fundi wa vyuma.

Watu wa mjini hapa watakwambia Kijakazi binti Mwinyijuma ni kichaa. Waache waseme, ulimi hauna mfupa wa kuchoka. Mama yake alikufa akimwacha na mdogo wake Sabiri aliyekuwa bado ananyonya. Kijakazi akaacha shule, akaenda kwa mjomba wake kujifunza kuchomelea mageti na madirisha, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, kamgeuzia ukuta ili cheche zisimpate machoni. Mikono yake yote ina makovu ya moto. Sabiri hana hata moja. Alimlea kwa ubwabwa na bakora, na sijui kipi kilikuwa kingi zaidi.

Aliyeleta habari ya mbio alikuwa Rahimu, muuza spea za bajaji, mtu wa maneno matamu na kitambi. Aliona kwenye televisheni vile vigari vya mashindano ambavyo tairi zote nne zimekaa nje ya mwili, hazina madigadi wala bampa, dereva kalala katikati, kichwa nje. Akaona mbona na sisi tusiwe navyo. Alitaka vigari vinane vya aina moja, vyote vitoke kwa fundi mmoja, injini ya bajaji nyuma, ili mtu akishinda pasiwe na wa kusema kashinda gari lake. Akamfuata Kijakazi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali.

Kijakazi akachimbia vipande vya reli chakavu kwenye sakafu ya karakana, akavipima na kuvipima tena, ikawa ndiyo kalibu. Kila fremu ilitengenezwa ndani ya kalibu hiyo, bomba kwa bomba, hata ukizipanganisha ya kwanza na ya nane hupati pa kuingiza ukucha. Dereva analala chini, makalio yake kiganja kimoja tu kutoka ardhini, miguu mbele, nyuma ya kichwa upinde wa bomba nene wa kumlinda gari likipinduka. Kila tairi imeshikwa na vyuma viwili, juu na chini, kila kimoja kina umbo la panda ya manati, ncha mbili kwenye fremu na shina kwenye tairi. Tukaviita hivyo hivyo, panda. Na vigari vyenyewe, vyembamba, magoti yametoka nje, vikaitwa panzi.

Panzi wa kwanza tulimuua kwa makusudi. Huko ng'ambo ya Maramba kuna shamba la mkonge lililokufa zamani, lina kiwanja chake cha ndege na kiwanda kisicho na paa. Kijakazi alimweka panzi mbele ya ukuta wa kiwanda, akapitisha kamba ya chuma kwenye tundu la ukuta, upande wa pili lori likavuta. Kwenye kiti alifunga gunia la mchanga mbichi, juu yake papai, na mahali pa miguu vigogo viwili vya mgomba. Watu walikuja kucheka. Lori likanguruma, panzi akaruka na kuupiga ukuta kwa tairi ya mbele kushoto, kishindo kikarusha popo wote waliokuwa mle ndani.

Papai lilikuwa zima. Lakini panda za panzi yule zilikuwa za bomba nene, na bomba nene halikukubali kuvunjika. Lilirudi nyuma pamoja na tairi yake, likapasua fremu, likaingia kwenye vile vigogo vya mgomba likatokea upande wa pili. Maji ya mgomba yalikuwa yanatiririka chini ya kiti. Waliokuwa wanacheka waliacha.

Kijakazi alikaa na ile fremu siku nzima. Panzi wa pili akamwekea panda za bomba jembamba, lile la madirisha, na karibu na fremu akaitia kila panda mkato wa msumeno, mkato wa kuzunguka, wa kina cha kucha. Akauita jeraha. Kisha akafunga tairi kwa waya wa chuma ili ikikatika isiwarukie watazamaji. Lori likavuta tena, ukuta ukapigwa tena. Safari hii panda zilikatika pale pale penye jeraha, tairi ikaning'inia kwenye waya, fremu ikateleza ubavuni mwa ukuta na kusimama. Migomba haikuchubuka.

"Panda ife, mtu abaki," akasema. Hayo ndiyo maelezo aliyowapa madereva, na hakuwahi kuwapa mengine. Aliyeuliza zaidi alitukaniwa ukoo.

Basi mbio zikaanza, siku za sikukuu na siku za maonyesho, pale kwenye kiwanja cha ndege, mapipa ya mchanga yakiwekwa kwenye kona. Na kukawa na desturi moja ambayo watu waliipenda kuliko mbio zenyewe. Asubuhi nilikuwa nashika chungu chenye vipande vinane vya kanga, kila kipande rangi ya panzi mmoja. Madereva wanakuja mmoja mmoja, huyu anapiga bismillahi, yule anafanya ishara ya msalaba, wanatumbukiza mkono. Rangi uliyotoa ndiyo gari lako la siku hiyo. Huchagui, hubadilishani, na lazima wote wanane waondoke pamoja. Akikosekana mmoja kura imevunjika na inabidi kuanza upya au kujaza nafasi. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na panzi wake. Anayetaka kuliboresha gari aliboreshe kwa faida ya adui yake.

Nami nawaambia zilikuwa mbio za kikatili. Tairi zikiwa wazi, ya mbele ya gari lililo nyuma ikigusa ya nyuma ya gari lililo mbele, zinaumana, na ile inayozunguka kwenda juu inamnyanyua mwenziwe na kumtupa. Nimeona panzi akiruka kupita kichwa cha mtu. Nimeona kidole gumba kimebaki ndani ya glovu. Nimeona madereva wawili wakishuka kwenye magari yaliyovunjika na kupigana kwa helmeti mpaka mmoja akazimia, na watazamaji wakishangilia kuliko walivyomshangilia mshindi. Mbavu, meno, mabega, hayo tuliyazoea. Ila hakufa mtu. Kila mara panda zilikatika, tairi zikaning'inia, mtu akatoka akitukana.

Waliyemtukana ni Kijakazi. Maana panda zenye jeraha hazichagui kishindo kikubwa wala kidogo. Ukiguswa tu, tairi imekwenda na mbio zimekuishia. Wakasema panzi wake ni wa biskuti. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sabiri, ndugu yake.

Sabiri alikuwa dereva hodari kuliko wenzake wote, hilo hata wasiompenda walikubali. Kijana mzuri, mrefu, mwenye kujiona. Mara kwa mara aliongoza mpaka karibu na mwisho, akaguswa, panda zikakatika, akasukumwa nje huku watoto wakimwimbia. Siku moja alirudi karakana akamrushia dada yake spana kubwa, ikampasua paji la uso.

"Panda zako za bomba la dirisha zaniaibisha, dada!"

"Aibu yazikwa? Mtu ndiye azikwaye!" Damu inamwingia machoni, kamkamata ukosi, kambamiza ukutani. "Wataka kushinda? Shinda bila kugusa watu, mbwa we!"

"Wewe wafanya makusudi. Hutaki nikuzidi."

Alimpiga mpaka nikalazimika kumrukia mgongoni. Sabiri alihama nyumba siku ile, akaenda kupanga Maramba. Kijakazi alikaa chini, akafunga paji lake kwa kitambaa cha grisi, akaniambia, "Nasra, yule akifa, mimi sina mtu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia kusema kitu kama hicho.

Sasa lile walilofanya madereva linataka kufahamika vizuri, kwa sababu si watu wabaya. Idi ilipokaribia, Kijakazi alishikwa na malaria kali, panzi wakatangulizwa Maramba kwa lori bila yeye. Kule, Sabiri aliwaita wenzake, wakamwita Fanueli, mchomeleaji wa pale. Wakapigia kura, mikono juu, wote wakakubali: kila panda ya kila panzi ichomelewe nondo nene kwa urefu wake wote, juu ya jeraha, kisha ipakwe rangi. Wote wanane, nondo zile zile, urefu ule ule. Walihakikisha hata uchomeleaji unalingana. Hakuna aliyependelewa, hakuna aliyedhulumiwa, kura ingeamua kama kawaida. Na kwa kuwa hakuna aliyedhulumiwa, hakuna aliyeuliza swali jingine. Ndivyo tulivyo watu wa huku: tukishagawana sawasawa, hatutazami tena tulichogawana.

Siku ya mbio watu walifurika. Nilishika chungu, vipande vikatolewa, Sabiri akapata panzi wa kijani. Nikapita kufunga mikanda. Mimi naangalia mikanda, chuma sikijui. Injini zilikuwa zimeshawashwa pikipiki ilipoingia uwanjani kwa fujo na Kijakazi akashuka, kajifunga shuka juu ya dera, macho mekundu kwa homa, mfuko wa vifaa begani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda kwa panzi wa kwanza, akapitisha kiganja juu ya panda kama anavyofanya siku zote, na kiganja kikasimama. Akakwangua rangi kwa ukucha. Akatoa nyundo kwenye mfuko, akapiga pale palipokuwa na jeraha. Panda aliyoitengeneza yeye ingekatika kwa pigo lile. Nyundo iliruka nusura impige usoni.

"Nani kagusa panzi wangu?"

Rahimu akaja mbio, mikono mbele, anatabasamu. "Kija, mama, vijana wamekubaliana wenyewe. Wote wanane. Hakuna aliyependelewa."

"Sikukuuliza nani kapendelewa! Zima! Zima magari!"

"Watu wote hawa niwaambie nini?"

Alimpiga Rahimu ngumi ya mdomo. Rahimu akakaa chini, na walinzi wake wakaanza kusogea kutoka upande wa geti. Kijakazi akatazama ile safu ya panzi, madereva ndani, visigino kwenye pedali. Akapiga panda ya mwingine, na ya mwingine. Chuma kililia tu. Hakuweza kuvunja hata kimoja, nondo za Fanueli zilikuwa imara kweli kweli. Walinzi wamefika karibu. Akamwendea Sabiri.

Mimi nilikuwa nimeinama papo hapo, nakaza mkanda wa bega lake, kwa hiyo hapa sisimuliwi na mtu.

"Toka," Kijakazi akasema.

"Sitoki."

"Sabiri, mwanangu, toka. Nakuomba." Alimwita mwanangu, tena alimwomba. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu.

"Dada, una homa. Nenda kalale. Leo hutaniaibisha."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya bomba la ubavuni, kashika bomba kama mtu anayeshika ukingo wa ngalawa. Kijakazi aliutazama ule mkono. Kisha akanyanyua nyundo na kuishusha katikati ya kifundo na kiwiko, kwa nguvu zake zote, kama anayenyoosha chuma. Nilisikia mfupa. Mkono ulibaki juu ya bomba umepinda mahali pasipo na kiungo, na Sabiri akalia "Mama!" kwa sauti ya mtoto mdogo, yeye ambaye maishani mwake hakuwa na wa kumwita hivyo.

Kilichofuata kilikuwa kipigo. Walinzi, madereva walioruka kutoka kwenye viti, hata watazamaji waliovunja uzio, wote juu yake. Dereva mmoja alimpiga helmeti ya mdomo, meno yakamwagika. Mwingine alimkanyaga mkono ulioshika nyundo mpaka vidole vikaachia. Fimbo, chupa, mawe, buti. Nilimwangukia juu nikidhani kwa kuwa mimi ni mwanamke mtu mzima wataniachia. Nikapigwa teke la mbavu lililonitupa pembeni, na mpaka leo nikicheka upande huo unanichoma. Walipochoka walimfunga mikono kwa mkanda wa akiba niliouleta mimi mwenyewe, wakamtupa ndani ya pikapu ya Rahimu na kufunga milango. Nami nililazwa kwenye kivuli cha pikapu hiyo hiyo, sina hewa. Sabiri alipakiwa kwenye gari jingine kukimbizwa hospitali.

Wanane lazima waondoke. Kulikuwa na dereva wa akiba, Ernesti, kijana wa Maramba aliyekuwa akiendesha bodaboda, amengoja nafasi yake toka mbio zilipoanzishwa. Wazee wake walikuja kukata mkonge, wakabaki shamba lilipokufa. Mama yake, Praxeda, alikuwa palepale karibu nami, kasimama ubavuni mwa pikapu na beseni la karanga kichwani. Ernesti aliitwa jina kwenye spika. Akavaa helmeti akicheka, akampungia mama yake mkono, akaingia ndani ya panzi wa kijani. Watu walipiga kelele za furaha, mbio zimepona.

Ndani ya pikapu Kijakazi alikuwa anapiga kioo kwa kichwa. Alipiga kelele kwa mdomo wake uliojaa damu: "Rahimu! Rahimu, simamisha! Fanueli, waambie ulichofanya! Jeraha limezibwa! Panda hazifi!" Akawaita madereva, mmoja mmoja kwa majina yao. Waliosikia walitikisa vichwa, wakasema malaria imempanda.

Bendera ikashuka.

Ernesti hakuwa na ufundi wa Sabiri lakini alikuwa na moyo. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya mwisho wa kiwanja, aliona nafasi ndogo ndani akajitia. Tairi yake ya mbele ikagusa ya nyuma ya panzi mwekundu. Zikaumana. Panzi wa kijani akanyanyuka, tumbo likaonekana lote, akageuka hewani na kushuka kwa tairi ya mbele juu ya pipa la mchanga.

Tairi haikukatika. Panda hazikukatika. Zilikuja zote mbili, na tairi yake, na nondo zake, ndani ya fremu, mahali mtu alipolaza miguu, zikaendelea mpaka kwenye nyonga na tumbo. Upinde wa kichwa ulikuwa mzima. Mkanda wangu ulimshika kitini wala haukulegea hata mshono mmoja. Alishikwa vizuri sana pale chuma kilipokuwa kinamfuata.

Kijakazi alikitoa kioo cha mbele cha pikapu kwa miguu. Alikimbia urefu wote wa kiwanja mikono imefungwa, watu wakimpisha sasa, na alipofika mtu akaukata mkanda. Akachukua grenda, jenereta ikawashwa, akamkata Ernesti kutoka kwenye ile fremu kama mtu anayefumua nguo, bomba moja baada ya jingine, cheche zikimwangukia kijana naye akimkinga kwa mwili wake. Kijana alikuwa bado anapumua Kijakazi alipoanza. Alipokata bomba la mwisho hakuwa anapumua. Praxeda alifika na beseni lake tupu mkononi, karanga zimemwagika njia nzima, akapiga magoti kwenye mafuta na damu.

Polisi walimchukua Kijakazi kwa kosa la kumvunja mtu mkono. Sabiri alipoandikwa maelezo alisema ameanguka. Wakamwambia watu wote walikuona unapigwa, akasema nimeanguka, na baada ya siku chache wakamwachia dada yake. Rahimu alifunga duka akahamia sijui wapi. Kijakazi aliwarudisha panzi Mabawa na kuwakatakata wote kwa grenda, na kalibu akaing'oa sakafuni kwa mtaimbo. Mazishini hakwenda. Maramba walikuwa wameapa kwamba akitia mguu atazikwa naye, na nusu ya waliokuwa wanaapa walikuwepo siku ile wakimpiga.

Sabiri alirudi kukaa nyumbani. Hakusema na dada yake. Alikaa kwenye benchi la karakana, mkono umefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka bega, akimtazama anavyochomelea mageti ya watu. Kijakazi alimkatia nyama kwenye sahani na kuondoka.

Praxeda alikuja baada ya arobaini. Nilikuwa karakana, nashona turubai. Alipiga hodi kimya kimya, kavaa nyeusi, peke yake, na nyundo ilikuwa juu ya fuawe, karibu na mkono wake. Niliiona. Nilijiambia akiichukua sitamzuia.

Sabiri alisimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamsogelea, akaushika ule mkono kwenye plasta, akaupapasa kutoka kifundo mpaka kiwiko. "Ni hapa?"

"Hapo, mama."

"Unauma?"

"Siku za mvua."

Akatikisa kichwa, akamgeukia Kijakazi. Kijakazi alikuwa ameshusha miwani ya kuchomelea, pengo la meno limemfanya aonekane bibi. "Ulijua," Praxeda akasema.

"Nilijua."

"Ulijua atakayekaa kwenye kile kiti anaweza kufa. Ndiyo maana ulimvunja wako."

"Ndiyo. Nilikuwa na nafasi ya pigo moja, mama Ernesti. Nikampa wangu."

Nilingoja alie au apige. Hakufanya lolote. Alisema taratibu, kama mtu anayetafuta maneno kwenye lugha ya wenyeji. "Nilikuwa nimesimama kando ya ile pikapu, dada. Kioo tu kilikuwa kati yetu. Nilikusikia. Ulimwita Rahimu. Ulimwita Fanueli. Uliwaita madereva wote kwa majina yao, unasema panda, unasema jeraha. Mimi sijui panda ni nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Mwanangu ananipungia mkono, nami nakutazama wewe nasema maskini, mama huyu ana homa."

Kijakazi alifungua mdomo.

"Hukuniita mimi," Praxeda akasema. "Ungeniita mimi tu, ukaniambia kwa Kiswahili cha kawaida, mwanao atakufa mle. Beseni ningelitupa. Ningeokota nyundo yako pale chini, nikaenda kumvunja mwenyewe, mikono yote miwili."